Mbuzi Wasioliwa

Ombi lilisomwa kanisani baada ya matangazo ya mazishi. Kampuni moja ya watu waliostaafu jeshini ilitaka kuazima uwanja wetu, ule ulio nyuma ya kanisa, kwa siku chache. Wangewafundisha wauguzi wa jeshi namna ya kumwokoa askari aliyejeruhiwa porini kabla hajafikishwa hospitali. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa wazee, na sikuona haja ya kulipeleka jambo hilo kwenye kikao. Nilisimama palepale nikasema tuwape, na sababu yangu kila mtu aliijua: binti yangu alikuwa miongoni mwa hao wauguzi.

Ni kitinda mimba wetu. Alisomea uuguzi, akafanya kazi kidogo katika zahanati, kisha akaingia jeshini, nami nikamshukuru Mungu bila kuelewa vizuri nilikuwa nikishukuru nini. Wakati huo kikosi chake kilikuwa kikijiandaa kwenda mpakani, kaskazini, na muuguzi ambaye hangefaulu mafunzo haya hangekwenda nacho. Angebaki kambini akigawa vidonge vya malaria. Alikuwa ameingoja nafasi hiyo muda mrefu, na si kwa kutafuta sifa. Aliwahi kumpokea askari kijana aliyeishiwa na damu njiani kwa kukosa mtu wa kuizuia, na tangu hapo alitaka awe kule damu inakoanzia kutoka.

Basi kampuni ikamtuma mtu kutueleza mahitaji. Walitaka mbuzi wakubwa, wazima, wasiochechemea, na wasipewe chakula tangu jioni ya kuamkia mafunzo. Walitaka pia handaki refu pembezoni mwa uwanja, maji mengi, na mahali pa kutandika turubai. Hakuna aliyeuliza swali. Mwenye kuchinja hamlishi mnyama jioni ya mwisho, maana tumbo lililojaa linaongeza kazi. Handaki refu ndilo jiko letu la harusi na mazishi: kuni huwekwa chini, sufuria kubwa hupangwa juu kwa safu. Na mgeni anayeingia bomani mwa watu akiwa na mbuzi, amekuja kufanya nini kingine? Akina mama wakaanza kugawana nani ataleta unga, nani mboga, nani chumvi. Vijana walichimba handaki lile wakiimba.

Mbuzi waliletwa na shemeji yangu kutoka Kehancha. Mke wangu ni Mkuria, na huyu ni kaka yake, mfanyabiashara wa mifugo ambaye hajaacha kunitania tangu siku niliyokwenda kwao kuposa. Alikuwa ameambiwa ni mbuzi wa kanisani, akachagua kama mtu anayechagulia tumbo lake mwenyewe. Walikuwa ndafu watupu, wanene, manyoya yanang'aa. Alishuka kwenye lori akanipigia saluti.

"Shemeji," akasema, "safari hii mtasahau omena."

Nikamwambia kwamba hata yeye, kabla hajaonja dagaa hao wa ziwa letu jikoni kwa dada yake, alikuwa na shingo kama ya korongo. Akacheka, akanionyesha kisu alichokuja nacho, kimeviringishwa kwenye kitambaa. Hakuwaamini askari kumchinja mnyama vizuri.

Asubuhi ya mafunzo, akina mama walifika na sufuria vichwani. Wauguzi walikuwa wamesimama kwa mstari, wamevaa sare, binti yangu karibu na mwisho. Nilimtazama nikitumaini atanitupia tabasamu la siri kama afanyavyo, lakini macho yake yalikuwa kwenye handaki. Mkufunzi mkuu alikuwa mtu mnene kiasi, safi, mwenye adabu. Ni mtu wa ziwa, kutoka upande wa Homa Bay, na alinisalimu kwa Kijaluo, lugha yetu, kama mwana anavyomsalimu baba. Nikamwomba ruhusa niombe kabla hawajaanza. Alivua kofia.

Nilifundisha somo la dini maisha yangu yote, na kuomba mbele ya watu hakunipi shida. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya wageni. Nilimshukuru kwa wanyama aliotupa wawe chakula chetu, nikaomba mikono itakayowagusa iwe safi, na watakaokula wapate afya. Mkufunzi aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kisha mbuzi wa kwanza akavutwa kwenye turubai. Alidungwa sindano, miguu ikalegea, akalala. Msaidizi akaanza kumnyoa paja. Shemeji alikuwa amesimama kando yangu, kisu tayari mkononi, akaniuliza kwa kunong'ona kama huyo mbuzi anaolewa. Akina mama nyuma yetu walikuwa wameanza wimbo.

Mkufunzi alipiga goti, akalikata lile paja lililonyolewa.

Hakukata kama mchinjaji. Alikata kidogo, kwa ndani, akatafuta mshipa, na damu ikaruka. Wauguzi wawili wakaitwa. Wakamrukia mbuzi kwa vitambaa na mkanda wa kubana, mkufunzi akihesabu kwa sauti. Damu iliposimama aliwasifu, halafu akaulegeza mkanda, ikaanza tena, akawaita wawili wengine. Walipomaliza, akafungua jeraha jingine kifuani. Mmoja wa wawili walioitwa safari hiyo alikuwa binti yangu. Alipiga goti, akakandamiza alipoambiwa akandamize. Na mikono yake ikiwa humo ndani, mbuzi aliinua kichwa.

Aliinua kichwa akalia, sauti nyembamba, isiyo na nguvu. Mkufunzi akamwambia msaidizi aongeze dawa, kwa sauti ileile ambayo mtu husema mchuzi uongezwe chumvi.

Wimbo ulikufa kuanzia mstari wa mbele kwenda nyuma. Mke wangu alishusha sufuria yake akaiweka chini taratibu, kana kwamba ndani yake kulikuwa na kitu kinachoweza kumwagika. Shemeji alisogea hadi ukingo wa turubai.

"Afande, huyu mnamuua lini?"

Mkufunzi akamjibu bila kugeuka kwamba atakufa somo likiisha.

"Kwetu mnyama hufa mara moja," shemeji akasema.

Mimi siogopi damu. Nimechinja tangu nikiwa kijana, nimekula utumbo, nimeosha maiti za watu niliowapenda. Kilichonishika pale hakikuwa woga. Kilianzia kwenye ulimi. Mate yalinijaa mdomoni kama mtu aliyemeza nzi, nikaenda nyuma ya choo cha kanisa nikatema, nikatema tena, na bado ladha haikutoka, kwa sababu haikuwa ladha ya kitu nilichokula. Ilikuwa ladha ya maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa kitu kile. Nilikuwa nimekiita chakula.

Niliporudi, mbuzi alikuwa amekwisha kufa na wa pili yuko kwenye turubai. Walimburuta yule wa kwanza kwa miguu ya nyuma hadi kwenye handaki, akatupwa, akanyunyiziwa chokaa. Ajuza mmoja wa kwaya akauliza, na nyama je? Msaidizi akamweleza kwamba nyama ile ina dawa, hailiwi na mtu wala mbwa. Yule mama alirudia maneno hayo polepole, wala mbwa, akajitwika unga wake akaenda nyumbani. Wengine walimfuata bila kuagana. Huku kwetu Lambwe mtu haui mnyama wa zizini asiyeliwa. Si sheria iliyoandikwa popote. Ni kama kutojisaidia kisimani. Hakuna aliyewahi kuhitaji kukatazwa.

Adhuhuri wauguzi walipewa mapumziko, binti yangu akakatiza uwanja akaja jikoni kwa mama yake. Alikuwa amenawa mikono hadi viwiko, lakini aliiweka mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshika mafuta ya taa. Alitueleza yote. Katika mafunzo ya mwanzo walikuwa wametumia mdoli wa plastiki wenye mirija ya damu bandia, na aliambiwa mambo ya mbuzi yalikwisha zamani. Kumbe kampuni hii ilibaki nayo. Leo alikuwa mmoja wa wengi. Kesho ilikuwa zamu yake ya kupimwa, mbuzi mmoja na muuguzi mmoja, na asiyepimwa hafaulu.

Mama yake akamuuliza kama kweli kuna linalofunzwa pale. Binti akafikiri kabla ya kujibu. Akasema lipo, lakini si lile ambalo askari aliyejeruhiwa anahitaji. Paja la mbuzi ni jembamba juu na halina nyama kama la mtu. Mkanda unaoshika pale unateleza kwa binadamu. Mbuzi amelala kimya, hana suruali nene, hana mkanda wa risasi kiunoni, hakushiki mkono wala hakuiti kwa jina. Askari wa kwanza ambaye yeye mwenyewe alimtibu alimpiga teke la kifua kwa maumivu, na hakuna mbuzi aliyekuwa amemfundisha la kufanya. Akasema kwenye lori la kampuni kuna vazi maalumu, mtu mzima hulivaa chini ya nguo, lina vifuko vya maji mekundu na pampu, na jeraha lake linavuja kama la kweli. Mkufunzi hapendi kulitumia.

Kisha akanigeukia. "Baba, nikikataa narudishwa kambini. Nikikubali, utanitazamaje?"

Nilikuwa na jibu tayari, nalo lilikuwa aache jeshi. Mke wangu akaliona likija. Akasema, "Usimwambie aache. Wewe ndiye uliyewapa uwanja. Nenda kaongee na huyo mtu."

Nilikwenda. Nilimkuta mkufunzi akinywa chai kwenye kivuli cha lori lake. Ningefurahi kuandika kwamba alikuwa mtu mkatili, lakini hakuwa. Alinipa kiti chake, yeye akakaa juu ya sanduku. Alisema mikono yake ilifundishwa na mbuzi, na kwa mikono hiyo kuna watu wanatembea leo. Aliwahi kumwona muuguzi aliyefaulu vizuri sana kwenye mdoli akiganda kama mti mbele ya rafiki yake aliyepigwa risasi. Mdoli haufi, mzee, akasema. Nikamuuliza habari za lile vazi, kama binti yangu angeweza kupimwa kwalo. Akasema vijana wakivalishana wanacheka. Mtu anajua huyu ni mwenzangu, jioni tutakula pamoja. Hana hofu, na mikono isiyojifunza pamoja na hofu haijajifunza.

Akaweka kikombe chini, akanitazama.

"Niletee mtu ambaye binti yako anamwogopa kweli," akasema. "Kwa huyo nitampima."

Alijua alichokuwa akisema. Ni mtu wa kwetu. Kwetu, mke wangu akiwa amenizalia binti, paja langu si la binti huyo kuliona. Mtoto wa kike hakai kitandani mwa baba yake, hafui suruali yake ya ndani, na akimkuta amelala vibaya hugeuka akaondoka. Wazee wetu waliamini kwamba jambo hilo likivunjwa, chira huingia nyumbani, ule ugonjwa wa mwiko unaomkondesha mtu mpaka afe. Mimi niliacha kuiogopa chira nilipobatizwa, lakini mwili haubatizwi siku moja na moyo. Na hata Maandiko yanasimulia jinsi wana wa Nuhu walivyotembea kinyumenyume kumfunika baba yao. Jeraha la vazi lile lilikuwa juu ya paja, karibu na nyonga. Ili kulifikia, suruali hukatwa.

Shemeji alipopata habari alijitolea yeye. Akasema mjomba hana neno, na isitoshe mapaja yake ni mazuri kuliko yangu. Nikacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Lakini mkufunzi hangemkubali; binti yangu hamwogopi mjomba wake, hata angekuwa ananing'inia mtini. Nililala nikiwaza, nikaamka nikijua. Aibu ya suruali iliyokatwa ningeweza kuivumilia. Kile kichwa cha mbuzi kilichoinuka mikononi mwa mwanangu sikuweza.

Nilivalishwa vazi nyuma ya turubai, zito na baridi, kisha suruali ya kaki juu yake. Nilipotoka nje nilimkuta shemeji mlangoni mwa uwanja.

"Ibrahimu alipewa kondoo mahali pa mtoto," akasema. "Wewe mwenzangu umejitoa mahali pa mbuzi. Huyo Mungu wako atashangaa."

Nililazwa kwenye nyasi. Mkufunzi alinikataza kumsaidia binti kwa lolote, akaniambia nipige teke, nishike, nilie. Pampu ikaanza, na maji yale mekundu, ya uvuguvugu, yakalowanisha kaki na nyasi. Binti yangu akaja mbio na mfuko wake, akapiga goti. Alitenda yote ya mwanzo kwa haraka. Akaniita, akanigusa shingo, akatoa mkasi, akaanza kupasua suruali kutoka kwenye kifundo cha mguu. Mkasi ulipanda hadi gotini. Hapo ukasimama.

Nilimwona usoni. Hakuwa anaogopa kifo changu, alikuwa ananiheshimu. Yale maji yaliendelea kumwagika, na mkufunzi alikuwa akihesabu. Hakuna mwenzake aliyecheka.

Nilikatazwa kumsaidia, na nilimsaidia. Nilimshika kola nikamwambia kwa lugha yetu, "Nyara, ng'ad." Binti yangu, kata.

Alikata. Alikata hadi kiunoni kwa mkupuo mmoja, akaweka goti lake kwenye nyonga yangu kwa uzito wake wote, akazungusha mkanda juu kabisa ya paja akaukaza, akaukaza tena. Hapo sikuigiza. Nililia kweli, nikampiga kwa ngumi begani, naye akainamisha kichwa akaendelea kukaza kana kwamba anapigwa na mvua. Maji mekundu yakapungua, yakawa matone, yakakoma. Ndipo akavua koti lake la sare akanifunika mapaja, huku uso wake ukiwa umeelekea upande mwingine.

Mkufunzi aliuvuta ule mkanda kwa vidole. Haukusogea. Aliandika alichoandika, akamwambia amefaulu. Kisha akawageukia wengine, akamwita msaidizi alete mbuzi.

Nilikuwa bado chini. Niliposikia neno hilo, ile ladha ilinirudia mdomoni nzima nzima, na nikaelewa kwamba huyu mtu alikuwa ameona yote aliyoyataka, hofu, na damu, na mikono ikijifunza, na bado alitaka mbuzi. Hakuwa na haja nao. Alikuwa amewazoea tu. Nilichukizwa na jambo hilo kuliko nilivyochukizwa na kisu.

Msaidizi alirudi mikono mitupu. Shemeji alikuwa amekwisha kuwapakia mbuzi waliobaki kwenye lori lake na kufunga mlango. Mkufunzi alimfuata akamwambia hao ni mali ya kampuni. Shemeji akatoa kitita cha noti mfukoni akamwekea juu ya boneti, akasema aliwauza waliwe, na kwa kuwa hawaliwi, amewanunua tena. Wakabishana kwa muda. Mwishowe lori likaondoka.

Ikabidi vazi litumike. Wauguzi walipokosa wa kulivaa bila vicheko, mke wangu alikwenda kuwaita akina mama wa kwaya, nao wakaja wakalala kwenye nyasi kwa zamu, wakilia kwa Kijaluo na kwa Kikuria, wakiwashika vijana wale mikono na kuwauliza nani atawalea wajukuu. Kijana mmoja mwenye mabega mapana alishindwa mara mbili, akakaa pembeni akijifuta macho. Mkufunzi alilitazama jambo hilo kwa makini. Baadaye nilisikia kampuni ilikwenda upande wa Oyugis, na huko walipata mbuzi wengine, kutoka kwa watu wasiouliza. Sijui kama ni kweli. Naamini ni kweli.

Binti yangu alipewa ruhusa ya saa chache kabla ya kuondoka na kikosi. Alikuja nyumbani, lakini hakuingia sebuleni nilipokuwa. Alibaki barazani, ameegemea ukuta, akitazama barabara. Nikajua hawezi kunitazama usoni baada ya ule mkasi. Nilichukua kigoda changu nikatoka, nikakiweka upande wa pili wa nguzo, nami nikatazama zizini. Tukakaa hivyo, mgongo kwa mgongo, nguzo katikati yetu. Hatujawahi kuongea sana kama siku ile. Alinieleza kule aendako, joto lake, na woga wake. Nilimweleza kwamba nimemshukuru Mungu kwa kufaulu kwake, na kwamba bado natema mate nikipita ule uwanja.

Halafu akasema, "Na mikono yangu, Baba? Ilikuwa ndani ya yule wa kwanza."

Birika la chai ya mama yake lilikuwa upande wake. Nikapitisha kikombe changu nyuma ya nguzo bila kugeuka, animiminie kwa mikono hiyohiyo, na baada ya kitambo nikasikia uzito wa chai ukiingia ndani yake.